Bernhard Grzimek: Daktari wa Mifugo Aliyechora Njia za Nyumbu wa Serengeti

Mwishoni mwa mwaka 1957, Serikali ya Kikoloni ya Uingereza katika Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kubadili mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ilhali hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika ni wanyama wangapi walikuwamo ndani yake, wala walikokwenda makundi makubwa baada ya mvua kukatika. Makadirio yaliyokuwa yakirudiwa midomoni mwa watu yalisema wanyama hao ni zaidi ya milioni moja. Ramani zilizokuwapo zilionesha mito, vilima na mipaka ya kiutawala, lakini njia za nyumbu hazikuwamo. Kazi ya kuzitafuta njia hizo na kuziweka kwenye karatasi ilifanywa na watu wawili waliokuja kutoka Ujerumani kwa ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia. Hao walikuwa Dkt. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael.

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Ujerumani na sasa limo ndani ya Poland. Alisomea udaktari wa mifugo katika vyuo vikuu vya Leipzig na Berlin, na kutunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1933. Kazi yake ya mwanzo haikuhusu simba wala tembo. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyeshughulikia kuku, mayai na magonjwa ya mifugo, na katika miaka ya utawala wa Wanazi alitumikia wizara iliyosimamia chakula na kilimo. Kumbukumbu za wakati huo zinaonesha kuwa alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikana baada ya vita. Ni doa ambalo umaarufu wake wa baadaye haukulifuta, na waandishi wa maisha yake wamelieleza bila kulificha.

Mwaka 1945, vita vikiwa vimemalizika, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kilichobaki kilikuwa kifusi. Mabomu yalikuwa yameharibu majengo, na wanyama waliosalia walikuwa wachache mno. Wapo waliodhani bustani hiyo ifungwe moja kwa moja, kwa kuwa wakazi wa mji wenyewe walikuwa na njaa. Grzimek alikataa. Alileta sarakasi, michezo ya maonesho na muziki wa dansi ndani ya uwanja wa bustani ili watu walipe kiingilio, na fedha hizo zikatumika kulisha wanyama na kujenga upya mabanda. Kipaji hicho cha kumvuta mtu wa kawaida atoe fedha kwa ajili ya wanyama ambao pengine hatawaona kamwe wakiwa porini ndicho kilichokuja kumtofautisha na wanasayansi wengi wa kizazi chake.

Safari zake za Afrika zilianza mwaka 1951, alipokwenda Côte d'Ivoire, na mwaka 1954 alifika Kongo. Alikwenda kama wakurugenzi wote wa bustani za wanyama walivyokwenda wakati huo, yaani kutafuta wanyama wa kupeleka Ulaya, akiwamo okapi wa misitu ya Kongo. Alirudi na wasiwasi. Misitu ilikuwa ikikatwa, idadi ya watu ilikuwa ikiongezeka, na wanyama walikuwa wakisukumwa kwenye vipande vya ardhi vilivyozidi kuwa vidogo. Aliandika kitabu juu ya jambo hilo, kisha Michael, ambaye alikuwa na jicho la kamera kuliko baba yake, akakigeuza kuwa filamu. Filamu hiyo, Kein Platz für wilde Tiere, ilipata tuzo katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 1956. Mwaka huohuo Bernhard alianza kuonekana katika televisheni ya Ujerumani Magharibi, akizungumza na watazamaji kwa sauti ya taratibu huku mnyama fulani akitambaa au kuruka juu ya meza yake. Kipindi hicho kiliendelea kwa takribani miaka 30.

Filamu ya Kongo iliingiza fedha nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Baba na mwana walikubaliana kuzitumia kununua ardhi ambayo ingeongezwa kwenye Hifadhi ya Serengeti, na wakapeleka wazo hilo kwa Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika. Molloy aliwapa jibu ambalo hawakulitarajia. Kilichokosekana, kwa maoni yake, hakikuwa ardhi ya kununua. Serikali ilikuwa inakaribia kuchora mipaka mipya, na ilihitaji kujua idadi ya wanyama na mahali wanapohamia mwaka mzima.

Hali ya hifadhi wakati huo inahitaji maelezo kidogo. Serengeti ilipoanza kufanya kazi kama hifadhi ya taifa mwaka 1951, ilijumuisha pia nyanda za juu na Kreta ya Ngorongoro. Ndani yake waliishi Wamasai na mifugo yao, na mvutano kati ya haki zao na masharti ya hifadhi ulianza mapema. Mwaka 1956 serikali ilitoa waraka uliopendekeza kuigawa hifadhi hiyo katika maeneo madogo yaliyotenganishwa. Pendekezo hilo lilipingwa vikali na wahifadhi, hasa wa Ulaya na Marekani. Mtaalamu wa ikolojia kutoka Uingereza, Profesa W. H. Pearsall, alitembelea eneo hilo na kutoa mapendekezo yake, na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Hoja zilikuwa nyingi, lakini takwimu hazikuwapo.

Ili kuzipata takwimu hizo, ndege ilikuwa ya lazima. Bernhard, akiwa na umri wa miaka 48, alijifunza urubani pamoja na Michael. Walinunua ndege aina ya Dornier Do 27, iliyoweza kuruka polepole sana na kutua kwenye uwanja mfupi wa nyasi, wakaisajili kwa herufi D-ENTE, neno ambalo kwa Kijerumani linamaanisha bata. Desemba 1957 waliondoka Frankfurt na kuirusha wenyewe, wakipita kaskazini mwa Afrika na kufuata bonde la Nile hadi Afrika Mashariki. Kwa marubani wapya, ilikuwa safari ya kuthubutu, na pengine ya kuthubutu kupita kiasi.

Sensa ilifanyika Januari 1958. Wazo la kwanza ambalo lingemjia yeyote ni kupiga picha uwanda wote kutoka angani, kisha kuwahesabu wanyama mezani kwa utulivu. Lakini eneo lilikuwa kubwa mno. Picha ambazo zingeonesha swala mmoja mmoja zingefikia maelfu kwa maelfu, na gharama yake isingebebeka. Hivyo waligawa hifadhi katika sehemu, wakaruka chini juu ya kila sehemu kwa mistari sambamba, kama mkulima anavyolima matuta, huku watazamaji wakihesabu upande wa kushoto na wa kulia. Kazi hiyo huchosha macho. Nyumbu hukimbia, pundamilia hujichanganya nao, na swala tomi akisimama kwenye nyasi kavu huweza kupotea machoni hata ndege inapopita juu yake.

Jumla waliyoipata ilikuwa wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481 na pundamilia 57,199, huku swala wakiwa ndio wengi zaidi. Ilikuwa chini sana ya ile milioni iliyozoeleka, na iliwashtua wengi. Tarakimu zilizonyooka kiasi hicho hadi mnyama wa mwisho zinapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwani zinaonesha hesabu ya macho na wala si idadi kamili ya viumbe. Miaka mitatu tu baadaye, hesabu nyingine iliyotumia picha za angani ilipata nyumbu zaidi ya 200,000, ongezeko ambalo haliwezi kuelezwa kwa kuzaliana peke yake. Bila shaka akina Grzimek waliwakosa wanyama wengi. Hata hivyo, walikuwa wameanzisha jambo ambalo halikuwapo kabla, yaani idadi iliyoandikwa pamoja na njia iliyotumika kuipata, ambayo mwingine angeweza kuirudia na kuisahihisha.

Ramani ilichukua muda mrefu zaidi kuliko hesabu. Mwezi baada ya mwezi waliruka juu ya nyanda na kuweka alama mahali makundi yalipokuwa. Waliwakamata pundamilia na nyumbu kadhaa na kuwavika mikanda ya rangi shingoni ili watambulike kutoka angani. Wakiwa chini, walikusanya nyasi na udongo kutoka sehemu mbalimbali na kuvipeleka maabara. Matokeo yaliwapa jibu la swali ambalo picha peke yake isingelijibu: kwa nini nyumbu, wakati wa mvua, huziacha nyasi ndefu za kaskazini na magharibi na kwenda kujazana kwenye uwanda wa mashariki ambao mgeni huuona kuwa mtupu. Nyasi fupi za uwanda huo, zinazoota juu ya majivu ya volkano, zina lishe bora zaidi. Huko ndiko majike huzalia na kunyonyesha. Maji yanapokauka, makundi hugeuka na kuelekea magharibi, kwenye ukanda unaokaribia Ziwa Victoria.

Njia hizo zilipowekwa juu ya ramani ya mipaka iliyokuwa ikipendekezwa, tatizo lilionekana bila kuhitaji maneno mengi. Kwa miezi mingi ya mwaka, sehemu kubwa ya nyumbu wangekuwa wakilisha nje ya mstari mpya. Hifadhi ingewalinda wakati wa kiangazi na kuwaacha wakati wa kuzaa.

Kazi ilikuwa haijakamilika wakati msiba ulipotokea. Tarehe 10 Januari 1959, Michael alikuwa akirusha ndege peke yake aliposhambana na tumbusi angani. Ndege huyo aligonga bawa la kulia, mitambo ya kuongozea ikakwama, na ile ndege yenye mistari ya pundamilia ikaanguka uwandani. Michael alikuwa na umri wa miaka 24. Alimwacha mke kijana na mtoto mdogo. Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, na juu ya kaburi lake ukajengwa mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Maandishi yaliyowekwa hapo yanaeleza kuwa alitoa kila alichokuwa nacho kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika, pamoja na uhai wake.

Bernhard angeweza kurudi Frankfurt na kuifunga kazi hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliikamilisha filamu waliyokuwa wakiipiga pamoja, na akaandika kitabu chenye jina lilelile, Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haipaswi kufa. Kitabu kilitoka kwa majina yao wawili na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Filamu ilioneshwa mwaka 1959, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar kwa filamu bora ndefu ya hali halisi. Watu ambao hawakuwa wamewahi kusikia jina la Tanganyika waliona kwa rangi, kutoka angani, msafara wa nyumbu ukisogea juu ya uwanda kama kivuli cha wingu. Waliiona pia ile ramani, kwa kuwa Michael alikuwa ametaka mtazamaji aelewe kilichokuwa kikibishaniwa, asiishie kustaajabu tu.

Filamu ilichelewa kubadili uamuzi. Mipaka mipya ilianza kutumika mwaka huohuo wa 1959. Ngorongoro na sehemu ya nyanda za mashariki zilitolewa katika hifadhi ya taifa na kuwa eneo la hifadhi lenye utaratibu wa pekee, ambamo wafugaji wangeendelea kuishi sambamba na wanyamapori. Serengeti iliongezewa ardhi upande wa kaskazini kuelekea mpaka wa Kenya, ardhi ambayo baadaye ilithibitika kuwa muhimu sana wakati makundi yalipozidi kukua na kuvuka hadi Mara. Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya mipaka mipya ya Serengeti walihamishwa kwa makubaliano ya mwaka 1958, ambayo uhalali na uelewa wake umeendelea kujadiliwa na vizazi vilivyofuata.

Katika suala hilo Grzimek alikuwa na msimamo ambao leo wengi hawaukubali. Aliamini kwamba hifadhi ya taifa isiwe na makazi ya watu wa aina yoyote, wawe wageni au wenyeji, na maandishi yake yaliwatazama wafugaji zaidi kama tishio kuliko kama majirani wa kale wa wanyama hao. Ramani yake ilifuata kwato za nyumbu kwa uangalifu mkubwa, lakini njia za ng'ombe, visima na maboma havikupewa uzito huohuo. Kinachoshangaza ni kwamba mtu huyo alikuwa daktari wa mifugo. Kilichokuja kuwaokoa nyumbu kuliko kitu kingine chochote kilitoka katika taaluma yake mwenyewe, nacho ni chanjo ya sotoka. Ugonjwa huo uliua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka, na chanzo chake kilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamezidi milioni moja.

Ongezeko hilo lilithibitishwa kwa kamera. Hesabu za nyumbu katika miaka iliyofuata zilitegemea picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, kamera ikitazama moja kwa moja chini, kisha wanyama wakahesabiwa kwa utulivu mezani. Badala ya kupiga picha uwanda mzima, wataalamu walichukua sampuli za maeneo na kukokotoa jumla, na hivyo kikwazo kilichowazuia akina Grzimek mwaka 1958 kikaondoka. Utafiti huo ulikuwa na makao Serengeti kwenyewe. Maabara ya kwanza ilijengwa Banagi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kupewa jina la Michael Grzimek. Kutokana na mwanzo huo mdogo ilizaliwa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti mwaka 1966, na katika mfululizo huohuo ndipo inapotoka Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, ambayo inaendelea na sensa za wanyamapori nchini.

Uhuru ulipokaribia, wahifadhi wengi wa Ulaya walikuwa na hofu kwamba serikali ya Waafrika ingeziacha hifadhi zife. Grzimek hakujiunga na kundi hilo. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko lililoahidi kwamba Tanganyika huru ingewalinda wanyamapori wake, huku akieleza wazi kwamba kazi hiyo ingehitaji wataalamu na fedha kutoka nje. Grzimek alilichukua tamko hilo kama deni la pande zote mbili. Akishirikiana na John Owen, mkurugenzi wa hifadhi za taifa aliyemfuata Molloy, alichangisha fedha Ujerumani kwa ajili ya magari, ndege na vituo vya askari wa wanyamapori. Shirika la Wanyama la Frankfurt, ambalo alilijenga kuwa chombo cha uhifadhi, limeendelea kufanya kazi Serengeti hadi sasa.

Alitumia pia ujanja wake wa zamani wa bustani ya Frankfurt. Katika kipindi chake cha televisheni aliwatangazia watazamaji kwamba mtu wa kipato cha kawaida sasa angeweza kwenda kuwaona wanyama wa Afrika Mashariki kwa safari ya bei nafuu. Safari hizo hazikuwapo. Watazamaji walipofurika kwenye ofisi za mawakala wa usafiri kuziulizia, mawakala walilazimika kuziandaa. Mbinu hiyo haiwezi kupendekezwa kwa ofisa habari yeyote, lakini ni sehemu ya historia ya utalii wa Tanzania. Grzimek aliamini kwamba hifadhi inayoingizia nchi fedha halali itakuwa na watetezi wengi kuliko ile inayotegemea huruma ya wageni.

Kwao Ujerumani alihariri ensaiklopidia kubwa ya wanyama iliyokuwa na majuzuu mengi na picha za rangi, na mwaka 1970 Serikali ya Kansela Willy Brandt ilimteua kuwa kamishna wa uhifadhi wa mazingira, wadhifa aliojiuzulu mwaka 1973 baada ya kuona hana uwezo wa kutosha wa kufanya maamuzi. Alistaafu ukurugenzi wa bustani ya wanyama mwaka 1974. Aliendelea kuja Tanzania, na kila alipofika alipita Ngorongoro. Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979, na Serengeti ikafuata mwaka 1981.

Bernhard Grzimek alifariki dunia tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt, akiwa ameketi miongoni mwa watazamaji wa onesho la sarakasi. Alikuwa na umri wa miaka 77. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa kando ya mwanawe, chini ya piramidi ileile ya mawe. Kaburi lao linaangalia kreta ambayo mstari wa mwaka 1959 uliiacha nje ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.